Maswali ya Wasomaji: Vyama vya Wanazuoni Vinaifanyia Nini Mikoa ya Kati?

Safu hii imepokea barua kadhaa kutoka Dodoma na Singida zinazogusa jambo moja, nalo ni kazi za vyama vya kitaaluma vinavyochunguza eneo fulani kwa ujumla wake: historia yake, lugha zake, ardhi yake, mifugo yake na watu wake. Tumechagua barua nne na kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la moja linaingia katika jibu la nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari wilayani Mpwapwa. Mara nyingi nasikia redioni kwamba wanachama wa chama fulani cha wasomi wamekutana kwa siku mbili au tatu kujadili historia na mazingira ya eneo fulani, wamefunguliwa mkutano na mgeni rasmi, kisha wametawanyika. Naomba kufahamishwa: zaidi ya kukutana na kusomeana mada, vyama hivi hufanya nini, na sisi wa mikoa ya kati tumewahi kunufaika navyo?

JIBU: Mwalimu, swali lako ni la haki. Kongamano ndilo linaloonekana kwa sababu lina bango, mgeni rasmi na wapiga picha, lakini kwa maoni yangu ni sehemu ndogo ya kazi ya chama. Mada zinazowasilishwa pale huwa bado ni rasimu. Kazi yenyewe huanza watu wakisharudi makwao, mwandishi anapoisahihisha mada yake kwa kuzingatia maswali aliyoulizwa, mhariri anapoipeleka kwa wahakiki, na hatimaye jarida linapochapwa na kuwekwa maktaba, mahali ambapo mtu ambaye leo hajazaliwa ataweza kuisoma na hata kuipinga. Chama kisicho na jarida, au angalau vijitabu vinavyotoka kwa utaratibu, hukusanya maneno mengi mazuri ambayo hupotea.

Nitoe mfano wa kwetu. Mwaka 1936 lilianza kutoka Dar es Salaam jarida lililoitwa Tanganyika Notes and Records, ambalo baada ya Muungano lilibadilishwa jina likawa Tanzania Notes and Records, na ambalo lilikuja kuwa chombo cha chama kilichoitwa Tanganyika Society na baadaye Tanzania Society. Waandishi wake wa mwanzo wengi walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni na wamisionari, na msomaji wa leo anapaswa kulisoma akilikumbuka hilo, kwa sababu mengi waliyoyaandika kuhusu Waafrika yaliandikwa na watu waliokuwa wakiwatawala. Hata hivyo, mwaka 1950 jarida hilo, katika toleo lake la 29, lilitenga kurasa zaidi ya sitini kwa ajili ya mwongozo na orodha ya michoro ya miambani ya Tanganyika, ulioandikwa na Henry Fosbrooke na wenzake, akiwemo Louis Leakey. Kabla ya hapo habari za michoro hiyo zilikuwa zimetawanyika huku na kule. Kwa mfano, ile ya Bahi, pamoja na matambiko yaliyokuwa yakifanyika penye michoro hiyo, ilikuwa imeandikwa na afisa mmoja, A. T. Culwick, katika jarida la London mwaka 1931. Toleo la 1950 liliziweka habari hizo mahali pamoja.

Mwaka uliofuata, 1951, Mary Leakey alikwenda Kondoa na kuinakili michoro ya Kolo, Kisese na sehemu za jirani, kazi ambayo aliitoa kama kitabu mwaka 1983. Mwaka 2006 Michoro ya Miambani ya Kondoa, katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sisemi kwamba jarida peke yake ndilo lililoifikisha Kondoa huko, kwa maana Idara ya Mambo ya Kale, wenyeji na watafiti wengi wa baadaye wana sehemu yao. Ninachosema ni kwamba michoro hiyo inafutika. Mvua inaipiga, moshi unaiharibu, wageni huimwagia maji ili rangi ikolee kwenye picha zao, na wapo wanaochimba chini ya miamba wakitafuta mali wanayoamini iliachwa na Wajerumani. Mahali ambapo mchoro umefutika, nakala iliyochapwa ndiyo ushahidi uliobaki.

Tena jarida huwa ni uwanja wa mabishano yenye adabu. Katika mchoro mmoja maarufu wa Kolo, uliochorwa kwa rangi nyekundu, wanaonekana watu warefu, wembamba mno, na wa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa pande zote mbili, kila upande ukimvuta au ukimtegemeza. Mary Leakey aliona hapo mwanamke anayegombaniwa au kutekwa. Miaka mingi baadaye watafiti wengine, wakiwa wamesoma habari za ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo mchezaji hupandisha na kutoka katika hali yake ya kawaida huku wenzake wakimshikilia, walisema kwamba hao wa pembeni hawamteki mtu bali wanamzuia asianguke. Mwalimu, wape wanafunzi wako mchoro huo na maelezo yote mawili, uwaulize ni lipi linathibitika zaidi na kwa ushahidi gani. Watakuwa wamefanya katika kipindi kimoja kile ambacho wanachama wa chama cha wanazuoni hukifanya kwa miaka.

Faida nyingine ni ya kukutanisha fani. Kati ya mwaka 1968 na 1972 wanajiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, walichunguza mmomonyoko wa udongo katika sehemu kadhaa za Tanzania, na hapa Dodoma walipima mabonde yanayotiririsha maji katika mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakakadiria ni udongo kiasi gani unaoingia humo na kuyajaza matope. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana zaidi kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika sana la Kondoa. Mtaalamu wa udongo ataieleza hatua hiyo kwa namna moja, akionyesha makorongo yaliyoota majani tena. Mfugaji wa Kirangi aliyelazimika kuhamisha ng'ombe wake ataieleza kwa namna nyingine, na mwanahistoria atauliza nani aliamua na nani aliulizwa. Chuo hupenda kumweka kila mmoja katika idara yake. Chama cha elimu ya eneo kina wajibu wa kuwaweka katika chumba kimoja, na huo ndio umuhimu wake ambao taasisi nyingine ni nadra kuutimiza.

SWALI: Mimi ni mstaafu niliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo, naishi Kondoa. Tangu ujana wangu nimekuwa nikiandika katika madaftari masimulizi ya wazee kuhusu koo, mipaka ya mashamba, miaka ya njaa na habari za mvua. Sina shahada. Je, chama cha wanazuoni kinaweza kunipokea, au nitaambiwa kwanza nikasome?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Barua yako imetugusa sana hapa ofisini, na tunaomba madaftari hayo uyatunze vizuri kuanzia leo.

Mtu aliyeandika historia ya Wagogo inayotajwa hadi leo hakuwa profesa. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo karibu na Dodoma na kufariki mwaka 1969, alikuwa mtumishi wa serikali aliyepitia ukarani na uliwali, na wengi wanamfahamu zaidi kama mshairi. Kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo kilitolewa mwaka 1954 na East African Literature Bureau, kwa Kiswahili, na kilitokana na jambo lile lile unalolifanya wewe: kukaa na wazee, kuuliza, kuandika. Mwaka 1995 mwanahistoria wa Marekani, Gregory Maddox, alikitoa kwa Kiingereza pamoja na maelezo, na tangu hapo wasomi wa nje wanaoandika kuhusu Ugogo wanakitaja. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekwambia kwamba elimu ya eneo ni mali ya wenye shahada, mtajie karani huyo wa Dodoma.

Kuhusu uanachama, masharti hutofautiana, na kila chama kina katiba yake ambayo una haki ya kuiomba na kuisoma kabla ya kulipa ada. Vipo vinavyopokea mtu yeyote anayelipa ada ya mwaka na kukubali malengo ya chama. Vipo vinavyowaweka wasio na shahada katika daraja la wanachama washiriki, ambao huhudhuria na kuzungumza lakini hawapigi kura. Kuchapisha ni suala jingine. Majarida mengi siku hizi humwondolea mwandishi jina kabla makala haijapelekwa kwa wahakiki, hivyo mhakiki hajui kama aliyeandika ni profesa au ni mstaafu wa Kondoa. Anachokitazama ni kama madai yana ushahidi.

Hapo ndipo ningependa kukusihi, mzee wangu, uyapitie madaftari yako sasa hivi ukiwa na kumbukumbu nzuri. Katika kila simulizi ongeza, kama hukuandika mwanzo, jina la aliyesimulia, ukoo wake, kijiji chake, makadirio ya umri wake, tarehe au hata mwaka wa mazungumzo, lugha mliyotumia, na watu wengine waliokuwepo. Hili la mwisho wengi hulisahau, ilhali mzee anayesimulia habari za mpaka mbele ya jirani yake wa ukoo mwingine hasemi kama anavyosema akiwa na wajukuu wake. Tenganisha pia maneno ya mzee na maoni yako mwenyewe. Yaandike maoni yako pembeni, kwa wino wa rangi nyingine ikibidi. Mzee akitumia neno la Kirangi au la Kiburunge, liache kama lilivyo kisha ulifafanue. Wilaya yako ipo katika sehemu adimu sana barani, ambapo lugha za Kibantu, za Kikushi, za Kiniloti na Kisandawe chenye sauti za kidoko zinaishi kwa ujirani. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na ambao ulitoa atlasi ya lugha za nchi nzima mwaka 2009, ulionyesha ni kwa kiasi gani maneno ya kila siku ya lugha hizo bado yanahitaji kuandikwa.

Miaka ya njaa uliyoitaja ina thamani ya pekee. Wazee wengi hawakuzaliwa na cheti, bali walizaliwa kabla au baada ya tukio. Mtu wa Ugogo aliyesema kwamba mama yake aliolewa baada ya Mtunya alikuwa anatupa tarehe, kwa sababu njaa hiyo kubwa, iliyotokea baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi huku mvua nazo zikikosekana, tunajua iliikumba Dodoma kati ya mwaka 1917 na 1920. Ukiyapanga masimulizi yako kwa kufuata njaa zilizotajwa ndani yake, utakuwa umetengeneza kalenda ambayo mwanahistoria yeyote atashukuru kuipata.

Tahadhari moja. Kama baadhi ya masimulizi yanahusu matambiko, au mahali ambapo wazee hawataki pajulikane, omba ruhusa ya wenyewe kabla ya kuyatoa, na kama waliokwambia wamekwisha kufariki, zungumza na wakubwa wa ukoo. Mungomi wa Kolo panajulikana kwa wageni kama mahali pa michoro, lakini kwa wenyeji bado ni mahali pa kuombea mvua na tiba, na heshima hiyo inatangulia jarida lolote.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, kwetu ni wilaya ya Chemba. Tangu nikiwa mdogo nimeona watafiti wakija kijijini, wanatuuliza maswali, wanapiga picha, wanaondoka, na hatujawahi kuona kitabu wala ripoti. Vyama vya wanazuoni vinachukua hatua gani? Na kwa nini karibu kila kitu kinaandikwa kwa Kiingereza?

JIBU: Mdogo wangu, malalamiko haya tunayapata mara kwa mara na yana msingi. Kisheria, mtafiti kutoka nje ya nchi anatakiwa awe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na akifika mkoani hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha mtendaji wa kata, hadi mtendaji wa kijiji, ambaye hupokea barua, huitia kwenye faili na kumpa mgeni kitabu cha wageni atie sahihi. Njia hiyo ya kwenda inajulikana vizuri kwa kila ofisi. Njia ya kurudisha matokeo ndiyo haina mwenyewe: ripoti hupelekwa Dar es Salaam na kwenye chuo cha mtafiti, na mtendaji wa kijiji hubaki na sahihi katika kitabu chake.

Chama hakina polisi, lakini kina vitu viwili vyenye nguvu, yaani maadili ya wanachama wake na mlango wa jarida lake. Chama kinaweza kuamua kwamba makala yoyote iliyotokana na mahojiano haitachapwa mpaka mwandishi aambatanishe muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili au tatu, na uthibitisho kwamba muhtasari huo umefika katika ofisi ya kijiji na katika shule iliyo karibu. Hilo halihitaji fedha nyingi. Naamini kwa dhati kwamba chama kinachojiita cha elimu ya eneo fulani, na ambacho watu wa eneo hilo hawawezi kusoma lolote kinachotoa, kimeshindwa katika wajibu wake wa kwanza, hata kama majarida yake yanasifiwa duniani kote.

Sababu za Kiingereza unazijua: vyeo vya wahadhiri hupimwa kwa majarida yanayosomwa nje, na wafadhili wengi hawasomi Kiswahili. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba Kiswahili hakiwezi, kwa sababu jarida la Kiswahili na lile la Mulika, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yamekuwa yakichapa makala za kitaaluma kwa lugha hii kwa miongo mingi, na kitabu cha Mnyampala nilichokitaja hapo juu kilikaa miaka 41 kwa Kiswahili kabla ya kupata sura ya Kiingereza.

Nawe pia una nafasi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walitumwa kusini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Maji Maji, wengi wao wakienda katika maeneo ambayo walijua lugha zake, na kazi yao bado inatumiwa na wanahistoria. Likizo ijayo ukiwa Chemba, anza na bibi na babu zako. Tena nenda kwa mtendaji, uombe kuona katika kitabu cha wageni ni watafiti gani walipita na walitoka taasisi gani, kisha uwaandikie kwa adabu ukiomba nakala ya walichoandika. Wengi hujibu wakiombwa na mtu mwenye jina na anwani.

SWALI: Sisi ni kikundi cha walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri mkoani Singida. Tungependa kuanzisha chama cha kuchunguza historia na mazingira ya mkoa wetu, na tumefikiria kuanza kwa kuchimba sehemu fulani ambayo wazee wanasema palikuwa na makazi ya kale. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu zetu, kwanza kabisa msichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, hairuhusu mtu kuchimba mabaki ya kale bila leseni, na hata bila sheria hiyo, udongo ukishageuzwa na mtu asiye na mafunzo hausemi tena kitu gani kilikuwa juu ya kipi. Pigeni picha ya sehemu hiyo, andikeni wazee walichosema, chukueni alama za mahali kwa simu, kisha mtoe taarifa kwa Afisa Utamaduni wa wilaya na kwa Idara ya Mambo ya Kale.

Usajili si mgumu. Mtahitaji katiba na maombi kwa Msajili wa Vyama aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ambaye atawaeleza ada na fomu zinazotakiwa. Katika katiba andikeni wazi nani atatunza nyaraka za chama iwapo kitavunjika, kwa sababu makusanyo mengi ya vyama hupotea nyumbani kwa katibu wa mwisho.

Kuhusu kazi, ningeshauri mkutane mara moja kwa mwezi kusoma pamoja kilichokwisha kuandikwa kuhusu Wanyaturu, Wanyiramba na majirani zenu. Matoleo ya zamani ya Tanganyika Notes and Records yamo katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyaraka za serikali zilizotimiza miaka 30 zinaweza kuombwa katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Kisha toeni kijitabu kimoja chembamba, hata cha kurasa ishirini, kuhusu jambo moja tu mnaloliweza: visima vya zamani vya mji wa Singida, au majina ya maeneo yanayozunguka ziwa Singidani na ziwa Kindai. Chama cha Historia Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilijulikana mashuleni kwa vijitabu vya namna hiyo kabla ya kujulikana kwa mikutano yake. Mkichapa, pelekeni nakala katika maktaba ya mkoa, katika kila shule ya sekondari mnayoweza kuifikia, na kwa kila mzee mliyemtaja ndani yake.